Kuongeza Nguvu ya Injini kwa Gharama Nafuu: Nini cha Kulipia

(Mazungumzo kwa wamiliki wa magari, Arusha)



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya watu wakaliona halistahili muda wa idara ya kumlinda mlaji. Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye gari la pili, gari la kutembelea Jumamosi na Jumapili tu, hana haja ya kutetewa. Sisi hatuoni hivyo. Gari hilo aghalabu si la tajiri. Ni la mwalimu, la dereva wa watalii, la kijana mwenye duka la simu aliyelinunua likiwa limechakaa akalifufua kidogo kidogo kwa miaka mitatu minne. Fedha anazotia humo ni akiba yake, na zikipotea hana pa kuzipata tena. Isitoshe, huduma hii ya kuongeza nguvu ya injini, ambayo gereji huiita kutyuni, ni miongoni mwa huduma ngumu kabisa kwa mnunuzi kuzikagua. Kinachouzwa hakionekani wala hakishikiki, na gari likitoka gereji likiwa na mlio mpya, mwenyewe huamini kwamba limebadilika hata kama halikubadilika.

Shauri letu, kabla hatujaingia katika njia zenyewe, ni hili: mwenye fedha kidogo alipie vipimo kwanza, nguvu baadaye. Njia iliyo nafuu ni ile inayokuonyesha kwa tarakimu hali ya injini yako kabla ya kazi na hali yake baada ya kazi. Njia isiyoonyesha hivyo, hata ikiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, ni ghali.

Tuanze na mji huu tulipo. Arusha ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na mgandamizo wake ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganishwa na ule wa Tanga au Dar es Salaam. Injini isiyo na tubo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Hivyo, ikiwa ilitoa nguvu za farasi 100 ufukweni, hapa itatoa 85 hivi. Hakuna kilichoharibika. Hata hivyo, mtu aliyenunua gari lake Dar es Salaam akalipandisha huku huliona zito, akaenda gereji, akauziwa plagi za bei kubwa, chujio la hewa la aina ya koni na bomba pana la ekzosi, na mwisho wa yote gari likabaki zito vilevile. Alikuwa akilipia tiba ya mlima. Injini yenye tubo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa sababu tubo huisukuma hewa kuingia, ingawa nayo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuchoka mapema.

Ukishaondoa hesabu ya mwinuko, nguvu nyingine iliyopotea katika gari lenye umri wa miaka 15 au 20 aghalabu imo katika mambo ya kawaida mno: plagi zilizokwisha, koili inayokatakata, chujio la mafuta lililoziba, nozeli zenye uchafu, mpira wa tubo uliopasuka na kuvujisha hewa, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, au kichujio cha moshi kilichoziba ndani ya ekzosi. Kuyarekebisha haya hakumpi mtu hadithi ya kuwasimulia wenzake, lakini ndiyo nguvu ya bei ya chini kuliko zote, kwa kuwa ni nguvu uliyokwisha kuinunua siku uliponunua gari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuomba gereji ni kupimiwa kompresheni ya kila silinda na kuandikiwa matokeo. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, usiendelee na wazo la kuongeza nguvu. Injini ya namna hiyo inaomba matengenezo, na fundi anayekubali kuityuni bila kuipima hafai kushika gari lako, hata awe na sifa mji mzima.

Hapa inatupasa tuseme neno juu ya vile visanduku vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, vinavyotangazwa kuongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta kwa pamoja. Wachunguzi waliofungua baadhi yake walikuta taa za kumetameta na kidogo sana zaidi ya hizo. Kuna vingine, vya nyaya mbili, ambavyo huidanganya kompyuta ya injini kuwa hewa inayoingia ni baridi kuliko ilivyo, ili iongeze mafuta. Hivyo vina kazi, lakini kazi yake ni uongo, na injini inayodanganywa haiwezi kujilinda. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira limekwisha kupima vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kuokoa petroli, na halikupata hata kimoja kinacholeta nafuu kubwa. Fedha ya kisanduku ingetosha plagi mpya.

Chujio la koni nalo, likiwekwa wazi karibu na injini, huvuta hewa ya moto iliyozunguka injini, ilhali boksi la kiwandani lilikuwa likivuta hewa ya nje. Mlio wake ni mtamu, hilo hatulikatai.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Gari la kisasa huendeshwa na kompyuta ya injini, ile inayoitwa na mafundi wengi kontroli boksi. Ndani yake mna majedwali, nayo wataalamu huyaita ramani, yanayoamua ni petroli kiasi gani imwagwe na cheche iruke wakati gani kwa kila mzunguko na kila mzigo. Kutyuni kwa maana halisi ni kuyaandika upya majedwali hayo. Kwa gari lenye tubo ambalo kompyuta yake inakubali kuandikwa upya kupitia soketi ya uchunguzi, hii ndiyo njia tunayoipa nafasi ya kwanza kwa mtu wa kipato cha kati. Haihitaji kununua kifaa kipya cha kubaki ndani ya gari, hurudishwa nyuma kwa dakika chache ikiwa faili la awali limehifadhiwa, na injini yenye afya huweza kupata ongezeko la maana, mara nyingi asilimia 10 hadi 25. Kwa injini isiyo na tubo ongezeko huwa dogo, kwa kawaida halifiki asilimia 10. Na kusema kweli, mwenye gari la namna hiyo tungemshauri fedha yake aipeleke kwenye matairi.

Kwa baadhi ya magari gharama imeshuka mno. Wamiliki wa Subaru, ambao ni wengi katika mji huu, wana programu iitwayo RomRaider, inayotolewa bure, nayo husoma na kurekodi mwenendo wa injini na kuhariri majedwali hayo. Kinachobaki kununuliwa ni waya wa kuunganisha gari na kompyuta ndogo ya kubebea. Hatusemi kila mtu ajifunze kuandika ramani yake mwenyewe. Tunasema kwamba hata asiyeandika chochote anaweza kurekodi mwenendo wa injini yake, na mwenye rekodi haongopewi kirahisi. Rekodi hizohizo ndizo zinazowezesha mtyunishaji aliye mbali, Nairobi au ng'ambo, kukurekebishia gari bila kuliona: anakutumia faili, unaendesha, unarekodi, unamrudishia, naye anasahihisha, mara tano au sita mpaka litulie. Ni njia nzuri na ya bei ya kadiri, kwa sharti kwamba masahihisho yanafanyika kweli. Faili moja likitumwa na mambo yakaishia hapo, umeuziwa ramani ya jumla kwa bei ya ramani ya gari lako.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaunguza watu, basi tuitazame kwa utulivu. Ramani ya jumla iliandikwa kwa gari lingine la aina ileile, katika hewa nyingine, kwa mafuta mengine. Magari mengi ya Kijapani yenye tubo tunayoyaendesha yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, yakitegemea petroli ya oktani ya juu. Kwa viwango vya nchi hiyo, petroli hiyo haipaswi kuwa chini ya oktani 96, ilhali ya kawaida inaruhusiwa kuanzia 89. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na mgandamizo bila kujilipukia kabla ya wakati wake. Ramani iliyowahisha cheche kwa kutegemea mafuta mazuri, ikipewa mafuta hafifu, huleta milipuko ya ovyo ndani ya silinda. Kwa Kiswahili cha gereji tunasema gari limenoki pale injini inapokuwa imekwisha kufa. Neno hilo kwa asili ni la mlio, la kugonga, na mlio wa milipuko hiyo huanza mapema, ukiwa mdogo kiasi kwamba dereva aliyefungulia muziki hausikii. Ukiendelea, kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika. Dalili ya kwanza ambayo mwenye gari huiona ni moshi wa buluu au oili inayopungua, na hapo gharama si ya kutyuni tena, ni ya injini.

Kwa sababu hiyo gari lityuniwe kwa petroli ileile utakayoinunua kila wiki, katika kituo unachokiamini, na ramani iachiwe nafasi ya mafuta hafifu utakayokutana nayo safarini. Fundi akikuambia umimine kwanza chupa ya dawa ya kupandisha oktani ili kazi itoke vizuri, muulize kama atakuwa anakununulia chupa hiyo maisha yako yote.

Kuna kipimo kimoja ambacho hatukubali kikosekane. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa kilo moja kwa kilo 14.7 za hewa. Injini ya tubo ikikanyagiwa mpaka mwisho huhitaji petroli zaidi ya hapo, yaani kilo moja kwa kilo 11 hadi 12 hivi za hewa, ili ziada hiyo ipooze chumba cha mwako. Sensa ya oksijeni ya magari mengi ya zamani haioni eneo hilo. Inachojua ni kama mchanganyiko umepita juu au chini ya 14.7, basi. Mtyunishaji lazima awe na sensa yake yenye upeo mpana, aifunge kwenye ekzosi, na akuonyeshe grafu. Anayesema anapima kwa sikio na kwa rangi ya plagi anastahili heshima kama fundi wa kabureta. Kazi ya tubo inataka chombo.

Na tuwakumbuke wenye kabureta, maana magari ya zamani hayajaisha na mengi yao ndiyo hasa magari ya mwisho wa wiki. Kwenu kutyuni ni nafuu mno: jeti, muda wa cheche, vali, na fundi mwenye subira. Hatari yenu ni safari. Kabureta iliyowekewa jeti ndogo ili iendane na hewa nyepesi ya Arusha, ikiteremshwa hadi Tanga, hukutana na hewa nzito ilhali petroli ni ileile chache, na injini huenda ikachemka kwa ukavu. Bebeni jeti za pili na bisibisi.

Mashine ya kupimia nguvu, ambayo gari hufungwa juu ya magurudumu ya chuma na kukanyagiwa papo hapo, si nyingi katika eneo letu. Ukiipata, itumie, lakini uijue tabia yake. Mashine nyingi hukokotoa nguvu ambayo injini ingetoa ufukweni, kisha huchapisha tarakimu hiyo. Ukokotoaji huo una nia njema: uliwekwa ili vipimo vya mahali na siku tofauti viweze kulinganishwa. Lakini katika mwinuko wetu, injini iliyotoa 170 bila fidia itaandikwa karibu 200 baada ya fidia, ingawa hakuna spana iliyogusa chochote. Kwa injini yenye tubo fidia hiyo huwa imezidishwa, kwa kuwa tubo yenyewe ilikwisha kufidia. Mtu akipewa karatasi ya kabla isiyo na fidia na karatasi ya baada yenye fidia, amenunua farasi 30 wa karatasi. Dai karatasi mbili za siku moja, gia moja na mpangilio mmoja wa fidia. Wala usilinganishe na tarakimu ya kiwandani: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na maafikiano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu za farasi 280, na baadhi ya magari yalitoka yakiwa na zaidi huku karatasi zikisema 280.

Pasipo mashine, rekodi za barabarani zinatosha. Awepo mtu wa pili wa kushika kompyuta, isiwe barabara yenye watu, na dereva asitazame skrini kabisa.

Kuna magari ambayo kompyuta yake haiandikiki. Hayo hufungwa kompyuta ndogo ya nyongeza inayokatiza taarifa njiani, au huondolewa kompyuta ya kiwandani na kuwekewa mpya kabisa. MegaSquirt, iliyobuniwa na Wamarekani Bowling na Grippo, ilisifika kwa sababu mtu aliweza kuijenga kwa vipande kwa bei ndogo. Bei ya kifaa ni ndogo kweli. Kisichotajwa ni saa za kazi: kompyuta mpya haijui chochote kuhusu gari lako, na kuifundisha iwashe injini bila kusitasita saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai hapa Arusha huchukua muda mrefu kuliko kuifundisha iende mbio. Kwa mwenye bajeti ndogo tungesema njia hii ni ya mwisho, isipokuwa kama unapenda kazi yenyewe kuliko kuendesha.

Sasa mapatano. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Sheria hiyo hukusaidia ukiwa na kitu mkononi. Kabla ya kulipa, andikeni karatasi moja, hata kwa kalamu, inayosema gari gani, kazi gani, mafuta gani yatatumika, vipimo gani vitatolewa, idadi ya masahihisho yaliyomo katika bei, na nani anabeba gharama injini ikiharibika ndani ya muda mliokubaliana. Faili la awali la kompyuta linakiliwa mbele yako na nakala unaondoka nayo. Uliza pia kama faili jipya litafungwa kwa nywila. Wapo wanaolifunga, na wana haki ya kulinda ubunifu wao, lakini maana yake ni kwamba fundi mwingine hataweza kukusaidia siku huyo wa kwanza akihama mji. Lipa nusu mwanzoni, nusu baada ya rekodi za mwisho. Fundi mwaminifu hachukizwi na karatasi hii, kwa kuwa inamlinda yeye pia dhidi ya mteja aliyebadilisha mafuta akaja kumlaumu.

Mjulishe na mwenye bima wako kwa maandishi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli kamili wa mkata bima, na nguvu iliyoongezwa ni jambo ambalo kampuni itadai ilipaswa kulijua. Ukibadilisha injini yenyewe, kumbuka kwamba namba yake imo katika kadi ya gari. Na breki zako zikaguliwe kabla, si baada: gari linalosimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa hubeba nishati zaidi ya mara moja na nusu ya lile la kilomita 80, na breki ni zilezile za jana. Katika kupanga bajeti, hesabu breki na matairi kuwa sehemu ya kutyuni. Bei ikikushinda baada ya kuzihesabu, basi kazi bado haijafika wakati wake.

Yakitokea matatizo, njooni mapema. Leteni karatasi ya mapatano, risiti, rekodi za kabla na za baada, na nakala ya faili la awali. Msiendeshe gari ili kuhakikisha kama kweli linagonga. Lisukumeni au livuteni. Msiruhusu mtu yeyote, hata aliyefanya kazi ile akiwa na nia ya kusaidia, aifungue injini kabla fundi wa tatu hajaiona, na betri isitenganishwe mpaka kumbukumbu za hitilafu zilizomo katika kompyuta zisomwe na kuchapishwa, kwa sababu katika magari mengi hupotea umeme ukikatwa.